Chifu wa Kuonyeshwa kwa Kidole

Kalamu Mbili, karani na mkalimani wa ofisi ya wilaya, alikuwa mtu wa madaha. Kalamu mbili mfukoni, moja kavu; kola imepigwa pasi hadi ingekata mkate. Ukimsikia akijisifu, ungedhani serikali husimama kila anapokwenda msalani. Asubuhi hiyo, lakini, madaha yote yalimwishia.

Bwana Mtaalamu alitumwa na serikali kuzipanga jamii za watu kama mtu apangavyo vikombe kabatini. Fomu yake ilikuwa na safu tatu: wenye mfalme, wenye chifu, wasio na utawala. Walioangukia safu ya tatu wangewekwa chini ya chifu wa jirani, na jirani huyo mashamba yao yalikuwa yakimtoa udenda siku nyingi. Lori la kuchukua fomu lingeondoka saa sita.

Waliobaki kuandikwa walikuwa wajomba zake Kalamu Mbili, watu wa ukoo wa mama yake. Hao hawakuwahi kuwa na mkubwa. Jambo likizuka walikaa chini, wakabishana mpaka mkataaji wa mwisho achoke kukataa. Hukumu ndiyo hiyo.

"Waulize chifu wao ni nani," Mtaalamu akasema.

Kalamu Mbili akawauliza wazee wanne waliobanana kwenye benchi.

"Chifu wa nini?" akajibu mjomba wake, seremala, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni. "Kwani kuna kilichopotea?"

Wenzake wakacheka mpaka benchi likalia.

"Wanasemaje?"

"Wanashauriana, bwana."

"Wako hapa tangu saa tatu, na bado wanashauriana? Hawa hawana utawala." Mtaalamu akaishusha kalamu kwenye safu ya tatu.

Kalamu Mbili akaona shamba la bibi yake mzaa mama likienda hivi hivi, kwa mstari mmoja wa wino. Kidole kikanyooka chenyewe kumwelekea seremala. "Huyu hapa, bwana! Alikuwa anaona haya kujitaja."

"Umemwambia nini?" seremala akanong'ona.

"Kwamba wewe ndiye chifu. Nyamaza, mjomba, nawaokoa."

"Chifu mimi? Mke wangu mwenyewe hanisikii!"

Wazee wakacheka tena. Mtaalamu akaandika, akampa seremala mkono, kisha akatoa karatasi nyingine. Kalamu Mbili aliisoma mara mbili, akatamani kuirudisha, lakini kutafsiri ndiyo kazi yake. Kila chifu alete wanaume ishirini Jumatatu wakavunje mawe ya barabara. Asiyeleta, jela.

Hakuna aliyecheka. Wazee watatu wakajivuta taratibu hadi ncha ya benchi, na seremala akabaki na nafasi ambayo hajawahi kuwa nayo maishani.

Akamgeukia Kalamu Mbili. Kisha akasema, "Mpwa wangu, andika. Wa kwanza wewe."

"Mjomba! Mimi ni mtu wa ofisi."

"Basi mwambie bwana mimi si chifu. Mwambie sasa hivi, shamba liende."

Lori likapiga honi uani. Mtaalamu akatazama saa yake.

Kalamu Mbili akaandika jina lake, kwa herufi nzuri kabisa, kisha akainua uso kuuliza wa pili ni nani. Mjomba alikuwa akiwatazama wale wazee watatu, nao walikuwa wakitazama sakafu.