Haloo ya Baba Mkwe

Mara ya kwanza nilipomwamkia baba mkwe wangu, alikimbilia migombani. Nilikuwa nimeolewa wiki hiyohiyo, nimetoka Kilosa na adabu zangu zote. Nikapiga goti mbele yake, nikasema "Shikamoo baba," na mzee wa watu, mrefu, mwenye heshima zake kanisani, akatimua mbio mpaka kofia ikamdondoka. Nililia sana siku hiyo. Ndipo mama mkwe akanieleza kwamba kwa wazee wa Kinyakyusa wa huku Mpuguso wanaoshika mila, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani, hawatazamani wala hawasalimiani. Akija huku, mimi napita kule. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nilielewa, lakini sikuridhika. Kwa miaka mitatu niliishi ua mmoja na mtu niliyemjua kwa kikohozi chake tu. Nikaanza kuamini kwamba mila ni kisingizio, kwamba mzee hakunitaka tangu mwanzo. Neno moja tu kutoka kwake lingenitosha, hata la kuniomba chumvi.

Mambo yalikaa hivyo mpaka wifi yangu alipojifungua Mbeya na mama mkwe akaenda kumlea mzazi. Mume wangu yuko kazini Tunduma, huja mwisho wa mwezi. Tukabaki wawili, mimi nyumba ndogo, mzee nyumba kubwa. Utaratibu ulikuwa niweke chakula kwenye kigoda mlangoni kwake, nikohoe, nitoweke. Lakini mvua za huku ukikohoa hujisikii hata mwenyewe, na zaidi ya mara moja kuku walikula kabla ya mzee.

Mama mkwe alipopata habari alinipigia.

"Mpigie simu, mwanangu. Kwenye simu hamwonani."

"Nikimpigia nisipomsalimia itakuwaje, mama? Na kumsalimia ni marufuku."

Tukakwama. Hapo ualimu ukanipanda kichwani. Nafundisha Kiingereza sekondari, na wiki hiyo nilikuwa nimewafundisha kidato cha kwanza salamu. Nikamwambia mama mkwe kwamba haloo si salamu hata kidogo. Wazungu wa zamani hawakusalimiana kwa neno hilo. Ilikuwa kelele tu ya kumwita mtu aliye mbali, kama mwenye mtumbwi aliye ng'ambo ya mto, au ya kuwahimiza mbwa mawindoni. Simu ilipoingia watu hawakujua waanze vipi, kukawa na ubishi, mmoja wa waliotengeneza simu akataka waitane kwa mwito wa mabaharia. Ile kelele ikashinda. Kwa hiyo nikisema haloo sijamsalimia mtu, nimejaribu tu kama waya umefika.

Mama mkwe alicheka, akasema hilo ni suala la mzee mwenyewe. Nilisikia simu ya mzee ikiita nyumba kubwa. Kesho yake jibu likaja kupitia Mbeya.

"Baba yako amekubali. Ila anasema habari za mbwa uziache."

Basi tukaanza. Napakua, naweka kwenye kigoda, narudi kwangu, napiga.

"Haloo."

"Haloo."

Nakata. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo, kavu kabisa. Baadaye nikaanza kuzitofautisha. Kulikuwa na haloo fupi ya kesho yake nikizidisha chumvi, na haloo ya kuburuta ya siku za maharage mapya, ambayo ilinifanya nitabasamu peke yangu mpaka walimu wenzangu ofisini wakaniuliza nina nini. Niliipenda ile sauti, sitaficha. Lakini uchungu nao ulikuwepo. Miaka mitatu ndoani, na nilichoambulia ni kelele ya kuwapigia mbwa.

Jumamosi moja umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake na simu yangu ikazima. Mvua ilimwagika tangu alfajiri, kuni zimelowa, na mchana ukapita nikiwa bado jikoni napuliza moto, macho yote machozi, ndizi nimeshamenya na kuziloweka kwenye beseni. Kuinua macho, naona mgongo mlangoni. Mgongo wa koti refu na mabuti ya mvua, ukiingia kinyumenyume.

"Haloo," mgongo ukasema, ukiiambia mvua ya nje.

Mimi, mtu niliyetaka neno miaka mitatu, nilijifunika kanga kichwani nikanyamaza. Mila zilikuwa zimeshaniingia.

"Haloo!" Akapiga hatua nyingine nyuma. "Haloo jamani!"

Hatua iliyofuata ilikanyaga maganda. Mzee aliteleza, akaketi ndani ya beseni na maji yakaruka mpaka motoni. Tukatazamana uso kwa uso. Ana macho kama ya mume wangu, sikuwahi kujua.

"Gwe mwana!" akasema akihema, yaani wewe mtoto. "Nilidhani umekufa!"

Kisha akaanza kufoka. Kwa nini nafunga simu. Kwa nini nawasha kuni mbichi wakati kavu ziko darini kwake. Kwa nini naketi kwenye moshi, nataka kupofuka, watu watamwambiaje mwanawe? Alifoka Kiswahili, kikaisha, akahamia Kinyakyusa, bado yumo ndani ya beseni, na ile sauti niliifahamu. Ndiyo anayowafokea wanawe wa kuwazaa, watu wazima wenye ndevu, na mimi huwa nasikiliza upande wa pili wa ukuta nikiwaonea wivu.

Sikuthubutu hata kumpa mkono ainuke. Niliogopa asije akakumbuka mimi ni nani.