Jike Ndani ya Gogo

Inpan aliponiacha akahamia kwa Chansom, alichukua pikipiki, mashine ya kukoboa mpunga na mbwa. Mbawakawa wangu majike hakuwachukua. Wanaume wa wilaya yetu ya Pua hawaoni fahari kulea mbawakawa jike. Wanataka dume mwenye pembe ndefu, wamlishe muwa na kumtembeza kama bwana harusi. Jike hana pembe, ni mweusi na mviringo kama kokwa ya ukwaju. Lakini bila yeye hakuna pambano. Anafungiwa kwenye tundu ndani ya gogo, madume wawili wanawekwa juu, nao wanapigana kwa harufu yake tu. Kumwona hawamwoni.

Majike niliwalea kwenye lundo la samadi ya nyati nyuma ya nyumba, na tangu niachwe ndio walionilisha mimi, kwa kuwakodisha uwanjani pamoja na magogo yao.

Msimu huu Inpan alipata dume aliyemwita Radi. Jumapili moja akamleta uwanjani, Chansom akimfuata nyuma na mwavuli. Gogo lilikuwa langu. Kwa desturi, dume hupelekwa kwanza kwenye tundu anuse, apandishe hasira. Radi akapita juu ya tundu kama mgeni aliyekosea nyumba. Inpan akamrudisha. Akapita tena, akasimama kujisafisha mguu.

Watu wakaanza kucheka.

"Jike ameoza!" Inpan akapiga kelele. "Au huyu mwanamke amemtia kitu. Mnamjua, tangu nimwache ana kinyongo."

"Kinyongo ninacho," nikamwambia. "Lakini ningetaka kukudhuru nisingemsumbua mdudu."

Mwenye dume wa pili akamfunika wake haraka, akiogopa sumu. Mwamuzi wetu, Baba Nan Wong, mzee aliyewahi kuwa mtawa, akanitazama kwa masikitiko.

"Saengla, mwanangu, kama majike wako wameharibika, siwezi kuruhusu magogo yako hapa tena msimu huu."

Msimu ndio huo mmoja kwa mwaka. Na jike alikuwa gizani tangu asubuhi. Nami sikuwa na hakika kama bado yuko hai.

Fongkham, binti ya kaka yangu, anayesomea wadudu chuoni, alikuwa amekuja likizo. Akamwinua Radi, akamsogeza puani.

"Nani kamwogesha huyu?"

"Mimi," Chansom akajibu, kifua mbele. "Kwa maji ya sompoi. Nimemwosha uso vizuri, nuksi itoke."

Kwetu maganda ya mmea wa sompoi hulowekwa, na maji yake tunawamwagia wazee mikononi mwaka mpya, tunaoshea nywele, tunaondolea mikosi. Lakini sijasikia aliyemsugua mbawakawa usoni.

"Sompoi ni sabuni, mama," Fongkham akasema. "Tazama papasi zake, hizi za kunusia kichwani, zimegandana. Zilitakiwa zikunjuke kama kipepeo cha kupepea moto."

"Kwa hiyo Radi ana mafua!" mtu akadakia, uwanja ukacheka.

"Ni kama mafua. Papasi ina vinyweleo, na kila kinyweleo kina vitundu vidogo mno. Harufu ya jike ni chembe, inaingia humo. Ndani kuna majimaji, nayo chembe ile ni ya mafuta, haiwezi kuyavuka peke yake. Kuna mbebaji anayeipakata na kuivusha mpaka mlangoni. Mlango unaifungukia hiyo tu. Ikija nyingine inayofanana nayo kama kiatu cha kushoto na cha kulia, haifungui. Ukifunguka, habari inakimbia kichwani: jike yuko hapa! Kisha chembe inavunjwa, mlango usubiri nyingine."

"Na sabuni?" nikauliza.

"Inaziba vitundu, au inavuruga huko ndani. Lipi hasa sijui, shangazi. Ila huyu hasikii harufu."

"Maneno ya chuoni!" Inpan akasema. "Jike ameoza, basi."

"Tuweke dume mwingine tuone," nikasema.

Hakuna aliyetoa wake. Ndipo Baba Nan Wong akachomoa kwenye kikapu dume wake mzee, pembe moja imekatika ncha. Akamweka juu ya gogo. Mdudu akatulia.

Papasi zake zikakunjuka, vijani vya kwenye ncha zake vikatandaa. Akageuka moja kwa moja hadi kwenye tundu, akaanza kukwangua mti kwa miguu na kuvuma kama chungu kinachochemka.

"Loo! Mzee kaona mchumba!"

"Babu, taratibu, utavunjika kiuno!"

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Inpan akamtia Radi mfukoni. Chansom akafunga mwavuli, na walipokuwa wakiondoka nilimsikia akiambiwa, "Wewe na baraka zako!" Sauti ile naijua. Niliisikia miaka mingi nyumbani kwangu.

"Saengla," Baba Nan Wong akasema, "Jumapili ijayo lete magogo mawili."

"Nitaleta, Baba."

Nikakaa pale pale chini. Nikafungua tundu, nikamtoa jike, nikampa kipande cha muwa. Akanishika kidole kwa makucha yake. Yaliniuma, nami nikamwacha ashike.