Picha Kubwa ya Mdogo Wangu

Mwaka ambao vita vilituulia wazazi na kutufukuza kwetu Kiwanja, Leta, ndivyo tunavyoiita serikali, iligundua kwamba kulea mtoto ni ghali. Tuliishukuru kwa ugunduzi huo. Gari lenye kipaza sauti lilipita Birere, soko la mji tuliokimbilia, likitangaza kwamba huko Keshero imefunguliwa garderi, nyumba ya kulelea watoto mchana, na kwamba Leta italipa sehemu kubwa ya ada ili wazazi wafanye kazi kwa utulivu. Utulivu, Birere! Ningepiga makofi, ila mikono ilikuwa imejaa sambaza.

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule ili wadogo zangu wa kiume waendelee, nikauza sambaza wabichi, samaki wadogo wa ziwani ambao jua likiwapiga hawamngoji mteja. Mdogo wetu wa mwisho, msichana aliyekuwa ameanza tu kukimbia, nilimfunga kwa kitenge kwenye mguu wa meza. Shangazi aliyebaki Kiwanja alisikia habari za kitenge hicho, akatuma ujumbe: nisipopata wa kumtunza mtoto, atakuja kumchukua. Shangazi ana roho nzuri. Tatizo ni kwamba wenye bunduki nao walikuwa bado wanaishi Kiwanja.

Akina mama wauza unga waliokuwa jirani yangu walikuwa na mpango wao. Kila siku mmoja aliacha meza yake, akakaa na watoto wa wote nyuma ya magunia, na wenzake wakauza unga wake kwa niaba yake. Niliomba niingie kwenye zamu.

"Na siku yako ikifika, nani atauzisha samaki yako?" aliuliza mama mnene aliyekuwa mkubwa wa safu. "Tushike samaki, kisha tushike unga? Wateja watakimbia kuliko vile tulikimbia vita!"

Walicheka wote. Nilicheka pia, kwa sababu alisema kweli. Basi nikabaki na Leta.

Siku ya uzinduzi, bwana mmoja aliyevaa kizibao alikuja sokoni kutafuta watoto. Garderi ilikuwa na rangi mpya, vitanda vipya na mkubwa wa Leta aliyekuwa njiani na wapiga picha. Kilichokosekana ni watoto tu, jambo dogo. "Watoto safi," alisema, "wale hawalie ovyo."

Sisi tuliolala kambi ya wakimbizi tunajua kitu kimoja: aliyepigwa picha ameandikishwa. Kambini, aliyemkosa mpiga picha alikosa maharage. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Nilimsugua mdogo wangu mpaka akang'aa, na mama mnene akatuazima gauni la mjukuu wake. Huko Keshero mkubwa wa Leta alimpakata, akamlisha biskuti, kamera zikawaka. Siku hiyohiyo nilimtumia shangazi ujumbe: usije, mtoto ameingia garderi.

Kesho yake, juu ya lango la garderi, palikuwa pametundikwa turubai lenye uso wa mdogo wangu, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Chini yake alisimama bwana wa ofisi.

"Uko mama yake?"

"Niko dada yake, papa," nilimjibu kwa heshima.

"Muzazi alete karatasi ya kazi."

"Wazazi walikufa, papa. Mimi ndiye natumika kazi. Niko nauzisha sambaza."

"Sambaza haitoe karatasi. Musaada ni ya wazazi wenye mushahara."

"Lakini mutoto ni huyu!" nikamwonyesha turubai.

Alimtazama mtoto, akalitazama turubai, akamtazama tena mtoto.

"Ni kweli," alisema kwa upole. "Wanafanana sana."

Niliporudi Birere na kusimulia, mama mnene alicheka mpaka akakalia gunia.

"Acha sambaza," alisema. "Uzisha maharagi. Maharagi na unga hazigombane. Kesho utaanza zamu."

Faida ya maharage ilikuwa ndogo kuliko ya sambaza, na jioni tulikula yaliyobaki, yaani maharage. Wadogo zangu walinuna. Lakini kitenge nilikifungua mguuni pa meza, nikajifunga kiunoni.

Mvua zilipoanza, upepo wa ziwani uliling'oa lile turubai. Mlinzi wa garderi alinipa, akisema ni afadhali lichukuliwe na mwenye sura. Tulilitundika nyuma ya magunia, juu ya watoto.

Hapo ndipo shangazi alipokuja kuona kwa macho yake. Mvua ilikuwa inapiga. Alimkuta mtoto amelala mkavu kati ya wenzake, chini ya uso wake mwenyewe unaotafuna biskuti.

"Hii ndiyo garderi ya Leta?"

"Garderi ni ya wamama, shangazi. Ya Leta ni hiyo ya juu tu."

Aliinua kichwa, akaliangalia turubai, akagusa miguu ya mtoto aone kama ina baridi. Kisha akauliza pikipiki za kurudi Kiwanja zinapatikana wapi, kwa mtu mmoja.