Bibi Aliyemshusha Habaryar Mkokotenini

Mbele ya watu ulimi wangu unakauka, ndiyo maana naandika. Naandika polepole, lakini sidanganyi. Kama unadhani nilipigwa na jua, nenda kambi ya wakimbizi ya Hagadera ukamwulize habaryar, yaani mama yangu mdogo. Yeye alikuwepo, na hapendi kabisa kisa hiki kisimuliwe.

Ilikuwa kabla ya ile mvua kubwa iliyobeba mahema. Dada yangu alikuwa anaolewa. Kwetu wanawake humjengea bibi arusi nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka, na lazima iwe imesimama kabla ya magharibi, bwana arusi asije akakuta uwanja mtupu. Fito na mikeka vilikuwa kwa jamaa zetu nje ya kambi, mwendo wa nusu siku. Nilitumwa mimi, siku moja kabla, na mkokoteni wa punda wetu. Habaryar akasema atakuja kusimamia.

Kusimamia! Alikaa. Tulipopakia mzigo, alipanda nyuma kabisa juu ya mikeka, miguu ikining'inia, akaimba nyimbo za arusi njia nzima. Habaryar ni mnene, Mungu ambariki. Nilijua uzito ukikaa nyuma, miti ya mbele inanyanyuka na mkanda unamkaba punda tumboni. Kila mwenye punda anajua. Lakini wewe ungemwambiaje mama yako mdogo ashuke? Mimi nilishika hatamu, tukaenda.

Saa sita mchana punda akasimama. Jua lilikuwa wima, mchanga unachoma, hakuna mtu wala mbuzi. Nilivuta hatamu, nikambembeleza. Hakusogea.

"Mpige!" habaryar akasema. "Unamwonea haya hata punda? Wewe utaoa kweli?"

Niliinua fimbo. Hapo fimbo ikashikwa kwa nyuma.

Nikageuka. Alikuwa bibi mzee, mwembamba, nguo za kijivu, shela kichwani. Njia ile ni nyeupe na tambarare, mtu unamwona tangu mbali. Alitokea wapi? Niamini, sikusikia hata hatua moja.

"Hooyo," akaniita, kama mama wa kwetu anavyomwita mtoto wake. "Punda hasemi, husimama. Umemwangalia mguu?"

Sikuwa nimeangalia. Akapitisha mkono kutoka begani hadi kwatoni, taratibu, asimshtue, na punda akampa mguu mwenyewe kama mtoto anayekatwa kucha. Ndani mlikuwa na kijiwe. Akakitoa kwa kijiti. Kisha akajaribu kuingiza vidole chini ya mkanda. Havikupita. Akatazama nyuma.

"Wewe uliyepanda huko, shuka."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine mwenye makalio hayo?"

Wallahi, nilicheka mpaka nikakaa mchangani. Habaryar akashuka. Mara miti ya mbele ikatua, mkanda ukalegea, punda akashusha pumzi ndefu. Bibi akanifundisha kusogeza fito mbele kidogo, kukunja gunia chini ya mkanda palipochubuka, na kumpa punda maji kabla sisi hatujanywa. Habaryar alitoa dumu lake mwenyewe.

Upepo ukapita, ukainua shela. Sikio la kushoto la yule bibi lilikuwa na mikato miwili pembeni, kama alama tunazowakata wanyama wetu. Punda akaweka kichwa kifuani pake, akafumba macho. Niliinama kuokota ndoo aliyonywea punda. Nilipoinuka, hakuna mtu.

Habaryar alikuwa anatazama chini. "Angalia nyayo," akaninong'oneza.

Tulikuwa na punda mmoja. Mchangani palikuwa na nyayo za punda wawili, na wa pili alichechemea kuelekea vichakani, akiburuta mguu wa nyuma. Nyayo za bibi hazikuwepo.

Je, tulikimbia? Tulikimbia! Habaryar kwa miguu yake, akishindana na punda. Tulifika alasiri, vigelegele vikapigwa, na nyumba ikasimama jua likiwa bado juu.

Mama alikuwa akifunga mkeka wa mwisho nilipomweleza. Akaacha kamba.

"Sikio lipi?"

"La kushoto. Mikato miwili."

Akakaa chini. Mikato ile aliikata yeye mwenyewe, kwenye sikio la punda jike aliyenibeba kutoka Somalia wakati wa vita, nikiwa mdogo na nina homa. Karibu na mpaka alivunjika mguu wa nyuma, tukamwacha. Mwanawe aliyekuwa akimfuata ndiye punda wetu huyu. Mama alilia, kisha akacheka katikati ya kilio. "Basi naye amekuja arusini," akasema, akaweka beseni la maji nje ya nyumba mpya. Asubuhi lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo habaryar hajapanda mkokoteni wa mtu. Mimi nami nimepata ulimi kidogo: mzee akikaa nyuma, namwomba asogee mbele au ashuke, awe nani.

Na wewe mwenye punda, au farasi kama una bahati, sikiliza. Mnyama wako akisimama, weka fimbo chini. Angalia mguu, angalia mkanda, angalia nani amekaa nyuma. Usipoangalia wewe, mama yake atakuja kuangalia. Na sidhani kama kila mama wa punda ana utani kama yule.