Posa ya Bahgat

Bahgat hakuwahi kuiamuru kompaila ianze kazi bila kwanza kufuta miwani kwa ncha ya tai. Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi yetu yawe kitu inachoelewa mashine, na katika ofisi yetu ya Smouha, Aleksandria, sehemu yake ngumu kuliko zote ilikuwa mikononi mwake: marejeo ya kazi.

Rejeo la kazi ni kuitaja kazi kwa jina bila kuifanya, ukaikabidhi sehemu nyingine ya programu iifanye baadaye. Tatizo ni pale kazi mbili zinapokuwa na jina moja: "chapisha" moja hupokea namba, nyingine hupokea maneno. Jina peke yake halitoshi. Kompaila hutazama linakopelekwa na kinachotarajiwa huko, ndipo ichague. Pasipoeleweka, kompaila ya Bahgat iligoma kuchagua. Wesam, jirani yake wa meza, alimsihi aiache ichukue ya kwanza tu, watu waende nyumbani.

"Ikibahatisha, itakubahatishia wewe," Bahgat alimjibu, "halafu lawama uniletee mimi."

Mwaka huo alimpenda Nagla, mwalimu wa kemia, binti wa Hagi Shukri. Aliona haya kulitamka jina la msichana mbele ya wakubwa, akamtuma shangazi yake Enayat ampose "binti wa Hagi". Hagi alikuwa na mabinti wawili, wote hawajaolewa. Shangazi, mtu wa adabu, akaanza na mkubwa. Fatiha ya kufunga posa ikasomwa, sharubati ikanywewa, na Bahgat akapigiwa simu ya pongezi kwa kumpata Tahani, yule mkubwa.

Alikuja kazini uso umemshuka. Wesam alicheka mpaka akashikilia meza.

"Kompaila yako ingegoma, mhandisi. Shangazi kachukua ya kwanza."

Kukataa baada ya Fatiha ni kumvunjia Hagi heshima. Kunyamaza ni kumpata Nagla kuwa shemeji, kila Ijumaa kwenye sinia moja. Jioni akaenda mwenyewe kwa Hagi, shangazi akimfuata. Shangazi ndiye aliyenisimulia: Bahgat alisimama sebuleni, akasema kama anayesoma ujumbe wa kosa wa kompaila, "Nagla, Hagi. Yule mdogo. Anayefundisha kemia."

Hagi akaangua kicheko. Tahani akasema kutoka jikoni kwamba yeye hakuwahi kumtaka. Alilirudia hilo mara nyingi mno, hata baada ya harusi ya Bahgat na Nagla.

Nagla alipopata kazi ya kufundisha Kuwait, Bahgat alipita ofisini kuaga. Aliweka kopo la bati mezani kwangu, akalifungua taratibu.

"Dada, Tahani ametuokea biskuti za safari. Hebu onja wewe kwanza."