Kovu Lililofutika Kwenye Picha ya Kawale

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi mwaka jana msemo huo ulinikosea. Nilikuwa mwoga kuliko wote katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huku Malawi, na bado kilio kilinitafuta.

Mama yangu alibaki kijijini kwetu, katika milima ya Fizi, Kongo. Ana tension, yaani shinikizo la damu, na muuguzi wa kule alishaonya kwamba habari moja mbaya ya ghafla inaweza kumwangusha asiamke tena. Mwenye simu ni mdogo wangu wa kiume. Mvua iliua spika na maiki ya simu hiyo, kwa hiyo ni ya kuandikiana na kutumiana picha tu. Mtandao nao haufiki kijijini. Lazima apande kilimani, apokee, kisha ateremke amwonyeshe mama, ambaye hajui kusoma. Kila nikisafiri mama hudai picha. Si kwamba anapenda majengo ya Lilongwe. Anataka kuona nimefika na uso wangu uko mahali pake.

Picha zangu za zamani zilikuwa balaa: kichwa nusu, jua mgongoni, uso mweusi kama chungu. Dada mmoja wa Bukavu, anayepiga picha za harusi hapa kambini, alichoka kuziona akaamua kunifundisha. Alikuwa mkali. Kwanza nifute lensi, maana simu yangu inaishi mfukoni pamoja na makombo ya maandazi. Nikitaka kitu kiwe karibu nisivute kwa vidole, nitembee nikifuate. Niguse kwa kidole uso unaoonekana kwenye kioo cha simu, kisha nishushe mwangaza kidogo ili anga lisiungue likawa jeupe. Baada ya kupiga, ninyooshe picha iliyopinda, nikate vitu vya pembeni visivyonihusu, niinue mwanga kwenye vivuli, niishie hapo.

"Ngozi ya mutu usiiguse," aliniambia. "Ile kitu ya kulainisha uso, achana nayo. Inafanya bantu bote bafanane."

Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyomwitikia mchungaji.

Siku moja nilikwenda Lilongwe kununua zipu na bitana kwa ajili ya cherehani yangu, nikafikia mtaa wa Kawale kwa mama mmoja wa kanisa letu. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini nilikuwa nimeificha kwenye sidiria. Ilikuwa sawa kabisa, na bado kila nilipoona polisi nilivuka barabara. Kupiga picha barabarani niliogopa pia, maana nani ajuaye nyuma yangu kuna ofisi ya nani? Nilimwomba muuza vitunguu anipige upesi mbele ya ukuta wa bluu, nikasema zikomo, yaani asante, nikaondoka mbio.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa. Anga limetulia, kitenge changu kinawaka, mabega yamenyooka. Na shavuni, kovu langu.

Kovu hilo nililipata nikiwa mtoto wa kutambaa. Mama alikuwa anakaanga, mafuta ya mawese yakanirukia. Tangu hapo, kila akinitazama vizuri husema, "Pole, mutoto yangu," kwa sauti ya chini, kana kwamba mafuta bado yanachoma. Nimepewa pole maisha yangu yote kwa kitu nisichokikumbuka. Jioni ile, nikiitengeneza picha, nikaona safari hii mama apumzike. Nikagusa pale nilipokatazwa, shavu likawa laini kama yai. Nikapanga kuituma kesho yake.

Kesho yake mchana ukaingia ujumbe wa mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, uko muzima? Mutu wa kambi ameandika hapa kwetu. Anasema gari imeanguka jana kwenye njia ya Dowa na mwanamuke wa kwetu amekufa. Anasema ni we. Tangu asubui mama iko analia."

Ajali ilikuwa kweli, kwenye njia ile ile niliyopita kutoka kambini, nilikuja kusikia baadaye, ila aliyekufa si mimi wala si mtu wa kwetu. Nilimjibu niko mzima, nikaituma picha ile ile, amwonyeshe mama nilivyopendeza. Akaamini, akateremka nayo. Mimi nikaketi kunywa chai, nikimtukana kimoyomoyo huyo mwandishi wa vifo vya watu.

Chai haikuisha. Akapanda tena, akaandika:

"Mama anakatala. Anasema huyu si mutoto yake, kovu iko wapi? Anasema banatengeneza picha ya mufu juu ya kumudanganya. Dawa amekatala. Bantu banajaa hapa kwa nyumba, na shangazi amekuya na wembe. Tuma ingine sasa. Betri inaisha, leo sitapanda tena."

Kwetu mama aliyefiwa na mtoto hunyolewa kichwa. Niliogopa ule wembe, lakini niliogopa zaidi moyo wa mama, bila dawa, katikati ya wanawake wanaolia. Nilijipiga picha pale pale chumbani. Giza tupu. Nikawasha flashi, nayo ikalifuta kovu vizuri kuliko hata ile programu. Nikatoka nje, jua likanipiga usoni na shavu likatoka jeupe. Kovu ambalo watu hawajaacha kulishangaa tangu utoto wangu lilikataa kabisa kuonekana. Nikaanza kulia, na picha za kulia sikuthubutu kuzituma.

Nikampigia yule dada wa Bukavu. Hakunigombeza.

"Uko na dirisha? Simama kando yake, mwanga upige shavu kutoka upande, si mbele. Flashi uzime. Bonyeza pale kwa kovu, shusha mwangaza mpaka uone kivuli yake. Na mutu mwingine ashike simu. Nasikia vile unatetemeka."

Mwenyeji wangu aliishika kwa mikono miwili. "Usilie, mutoto yangu," alisema. "Usicheke pia. Kaa tu vile Mungu alikuumba."

Kovu likatokea, na mikunjo yake yote. Sikunyoosha picha, sikukata kitu. Nguo kwenye msumari na sufuria ya nsima, ugali wa huku, vilikwenda navyo hadi Fizi. Alama moja ikaonekana chini ya picha, yaani imetoka. Nikaikodolea macho, nikiomba, mpaka ya pili ikaja, yaani imefika. Nilimwandikia mdogo wangu mara nyingi, hakuna kilichofika.

Asubuhi, betri ikiwa imepata moto tena, ikaja picha kutoka kwake. Ilikuwa imepinda, jua liko nyuma, kidole chake kimeziba pembe moja. Mama amekaa mkekani, mweusi kama kivuli. Chini ameandika: "Ameona. Ameweka kidole kwa kovu, akakunywa dawa. Anasema pole ya ile mafuta."

Nilicheka kwa sauti hadi mwenyeji wangu akatoka jikoni. Nilitaka kumwona mama vizuri. Basi nikafanya nilivyofundishwa, nikainua mwanga kwenye vivuli, polepole. Ikatokea mikono yake, ikatokea shingo, yakatokea macho yaliyovimba. Nikainua tena kidogo, kikatokea kichwa chake, kimenyolewa chote.

Nikamwuliza mdogo wangu walimnyoa saa ngapi.

"Wakati nilikuwa kilimani, nangoja picha yako," alijibu. "Lakini nywele itaota, yaya."