Bibi Harusi Hakuwepo

Maombi yote ya makazi ya Marekani kwa mke wangu niliyajaza mwenyewe, juu ya meza ya kulia chakula, hapa Ruwi, mtaa wa Muscat. Wenzangu hulipa wakili. Mimi sikumlipa mtu. Niliondoka Muscat kijana wa kubeba maboksi dukani, nikarudi na diploma ya ufundi wa viyoyozi, pasi ya Kimarekani niliyoiapia kwa mkono ulionyooshwa juu, na nyumba yangu huko yenye karakana ubavuni. Maswali ya uraia niliyajibu yote bila kukosa hata moja. Nani angenifundisha mimi kujaza fomu?

Nilikuwa nimerudi kumuuguza mama. Kabla hajafariki alitaka anione nimeoa, nami nikamtimizia. Alipozikwa, mwajiri wangu wa kule akaniambia nafasi yangu bado ipo, ila hawezi kuishikilia milele. Mke wangu akaacha kazi ya ualimu Madinat Sultan Qaboos, akawaaga watoto wa darasa lake kwa keki. Kilichobaki ni mahojiano ya ubalozini, ambayo mimi niliyahesabu kuwa ni jambo la kupita tu.

Tulisimama mbele ya kioo. Afisa alikuwa mwanamke mpole, wa makamo. Alimuuliza mke wangu tulivyojuana, mama yangu alikufa kwa maradhi gani, mimi napenda kula nini. Mke wangu alijibu vizuri, nami nikaanza kutabasamu. Kisha afisa akauliza:

"Ndoa ilipofungwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Chumbani kwa mama, nimefunikwa."

"Na mumeo?"

"Msikitini, na baba yangu."

"Sasa ulijuaje kama umeshaolewa?"

"Nilisikia vigelegele."

Kwetu hilo ni jibu kamili. Sheikh huja kumuuliza mwari idhini yake mlangoni, kisha wanaume huenda msikitini, baba wa bibi harusi, ndiye walii wake, akaushika mkono wa bwana harusi, mambo yakaisha. Bibi harusi kukaa katikati ya wanaume wale ingekuwa kioja. Lakini afisa aliweka kalamu chini. Alisema sheria yao haiitambui ndoa ambayo mume na mke hawakuwa pamoja ilipofungwa, mpaka ithibitike kwamba baadaye waliishi kama mke na mume. Nikaingia kati, nikamweleza mimi ni raia, nina diploma, najua ninachokisema. Aliniomba kwa adabu nikakae.

"Picha za harusi mnazo?" alimuuliza.

Hatukuwa nazo. Simu za wanawake zilikusanywa mlangoni, kama ilivyo ada. Fungate tuliikaa kwa wazazi wake, kisha tukahamia kwa marehemu mama, ambako mkataba wa nyumba na umeme ni kwa jina la kaka yangu. Tulirudishiwa pasi na karatasi ya kutaka ushahidi zaidi.

Ndani ya gari, karibu na nyumbani, mke wangu alinigeukia. "Kwa hiyo kwao mimi si mke wako," alisema.

"Kwao bado," nikamjibu. Nililijuta neno hilo kabla halijatua.

Jioni nilikwenda kwa wakwe zangu na dawa niliyoiona rahisi: tufunge nikaha upya, safari hii sote wawili tukiwa sebuleni, mtu apige video.

Baba mkwe alitikisa kichwa. "Nikaha ya pili? Watu watasema ulimwacha mwanangu, sasa unamrejea. Nitamjibu nani na nani?"

"Basi Baba, uandike kiapo kwamba tuliishi pamoja hapa kwako."

"Niape nini? Mimi nilikushika mkono mbele ya Mungu na mashahidi. Leo niende kwa karani nikaape kuwa binti yangu kalala na mumewe? Wewe umesoma, mwanangu, lakini haya hukusomeshwa."

Nilimwambia bila kiapo kile nitaondoka peke yangu, na binti yake atabaki hapa hana kazi wala mume wa kuonekana. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akainuka, akaenda kutia udhu, na sala haikuwa imeadhiniwa bado.

Mama mkwe alikuwa jikoni anasikiliza. Alitoka anajifuta mikono kwa kanga.

"Wanataka kisarawanda hao Wamarekani?" akauliza. "Waambie nnayo hiyo shuka ya usiku wa kwanza, nimeikunja kabatini."

"Mama!" Mke wangu alifunika uso.

"Mama nini? Aliyekuwa akiwapelekea uji mlangoni asubuhi ni nani? Nilikuwa nikibisha, mnachelewa kufungua mpaka uji unapoa." Kisha akapaza sauti kuelekea chooni: "Na wewe bwana, kazi yako ilikuwa msikitini. Ya mlangoni ilikuwa yangu. Nitaapa mimi."

Maji yalikoma kumiminika.

Mama mkwe aliapa. Shuka hakuitaja, alieleza uji, mlango, na fungate nzima niliyokaa ndani ya nyumba yake. Nilitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza safi, mthibitishaji akapiga muhuri, na baada ya kusubiri kulikomkondesha mke wangu, visa ikatoka. Nafasi yangu ya kazi bado ipo. Kila mtu hapa Ruwi ananiambia nimeweza, na ni kweli nimeweza.

Tangu siku ile baba mkwe hajanitamkia neno. Salamu huitikia, basi. Leo masanduku yamefungwa, na alasiri amekuja kumuaga binti yake. Alikunywa kahawa, akamsomea dua, akasimama kutaka kwenda. Nikamnyooshea mkono. Hakuupokea. Alikuwa akitafuta kitu mfukoni, akatoa simu yake, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Simameni hapo," alisema. "Karibu. Karibu zaidi. Asije mwingine huko akamuuliza mwanangu."

Akapiga picha, akaiangalia, akapiga nyingine. Kisha akashuka ngazi. Mkono wangu haukushikwa.